Sabuni ya Ng'ombe Wetu

Kwa miaka minne nilikuwa mdomo wa sabuni. Nilipanda juu ya gari lililopakwa rangi ya kijani, nikashika kipaza sauti, na kuwaambia akina mama wa Njoro, Molo, Elburgon na Rongai kwamba sabuni niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa yao. Jina lake sitalitaja. Lilikuwa neno zuri la Kiswahili, neno ambalo mtu hulitumia nyumbani kwake bila kufikiri, na waliolichagua hawakuweza hata kulitamka. Nimelitangaza vya kutosha kwa mshahara, sioni kwa nini nilitangaze tena bure.

Kabla ya uhuru sabuni hiyohiyo ilikuwa na jina la Kizungu na picha ya taji kwenye karatasi. Mama yangu aliifahamu vizuri, kwa sababu alikuwa akiwafulia maofisa wa reli na hiyo ndiyo waliyompa kufulia. Bendera ilipobadilika, taji likaondoka. Mahali pake akaja mwanamke mweusi aliyejifunga kitambaa kichwani, kiondo mgongoni, na nyuma yake kilima ambacho mtu yeyote wa Nakuru angesema ni Menengai, ingawa aliyekichora nina hakika hakuwahi kufika kwetu. Ndani ya karatasi hakikubadilika kitu, hata harufu. Kampuni ilikuwa ileile, ya ng'ambo, na faida ilikuwa ikienda kulekule ilikokuwa ikienda zamani. Lakini sabuni ile ilipata uraia mapema kuliko watu wengi niliowajua, tena bila kupanga foleni.

Nakuru ilikuwa na sabuni nyingine, na hiyo ilikuwa ya Nakuru kweli. Ilipikwa katika ua nyuma ya duka moja mjini, kwenye pipa lililokatwa katikati, na mpishi wake alikuwa Mhindi mfupi aliyevaa koti la khaki kila siku ya Mungu. Sisi wafanyakazi tulimwita Mzee. Alizaliwa katika chumba cha juu cha duka hilohilo. Baba yake ndiye aliyeanza kupika sabuni pale, wakati mji wote ulikuwa stesheni na vumbi. Mimi nilimaliza darasa la nane, karo ya kuendelea haikupatikana, nikaenda kumwomba kazi, akanipa.

Nilikaa kwake miaka mitatu. Kazi yangu ilikuwa kukata sabuni kwa waya ikishaganda kwenye fremu za mbao, kuipanga miche kwa miche, na kuipiga muhuri kabla haijakauka. Sabuni ile ilipikwa kwa mafuta ya nazi yaliyoletwa na treni kutoka Pwani kwenye madebe, pamoja na mafuta kidogo ya pamba. Mafuta ya mnyama hayakuingia ua ule. Mzee na mke wake walikuwa Wahindu wasiokula nyama. Siku moja alikuja mtu kutoka machinjioni na mafuta ya ng'ombe ya bei rahisi sana, akayasifu weee, na Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Hii hapana ingia hapa." Akaagiza mtu yule aletewe chai kabla hajaenda. Sikumsikia akisema neno lingine juu ya jambo hilo, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Mke wake alikuwa na desturi. Kila asubuhi, chapati ya kwanza kutoka jikoni haikuliwa na mtu. Aliibeba kwenye sahani mpaka mlango wa nyuma na kumlisha ng'ombe. Ng'ombe wa watu wa Bondeni, mtaa wetu, walizurura ovyo siku hizo, na walikuwa wanaujua mlango ule. Mmoja wao, mwekundu wa pembe iliyovunjika, alikuwa wa jirani yetu, na yule mama alikuwa akimgusa paji la uso na kisha kujigusa mwenyewe. Tulicheka tukiwa peke yetu. Ninayaeleza haya mapema ili ieleweke kwamba nilijua. Sikupotoshwa na mtu.

Msimamizi wa mauzo wa kampuni alinikuta dukani kwa Mzee. Alikuwa kijana wa Nairobi, tai shingoni, viatu vinang'aa. Alijifanya mteja. Alisimama pembeni akinisikiliza nikimhudumia mama mmoja kwa Kikuyu, kisha mwingine kwa Kipsigis nilichojifunza kwa majirani, kisha nikimjibu yeye kwa Kiingereza cha shule. Jioni alinisubiri nje. Mshahara alioutaja ulikuwa zaidi ya mara mbili ya niliokuwa nikipata, na nyumbani kulikuwa na wadogo zangu wawili waliotakiwa kubaki shuleni. Nilipomuaga, Mzee alisema ni vizuri, msichana akipata kazi ya kampuni asikatae, na nikichoka huko nirudi.

Meneja wa kampuni, Mzungu, aliniita ofisini nimwone kabla sijaanza. Nilikwenda na gauni langu la Jumapili na viatu vyeusi vya kamba. Mimi ni mtoto wa mjini, wa nyumba za baraza la mji, mtoto wa bomba la maji uani na taa ya barabarani. Alinitazama, akaitazama picha kwenye karatasi ya sabuni, akatikisa kichwa. Nikaletewa kitambaa cha kichwa, shuka la kufunga juu ya gauni, na kiondo ambacho sikuwahi kukibeba maishani mwangu. Bado hakuridhika. Akasema jambo kwa msimamizi, na msimamizi akaniambia nivue viatu. Nikavivua. Kwa miaka minne nilisimama juu ya gari lile miguu mitupu, kwenye baridi ya Molo, ili wanawake waliokuja sokoni wamevaa viatu vyao vya plastiki waone mtu wa kwao.

Kazi yenyewe ilikuwa mchezo. Gari lilifika sokoni likipiga muziki, watu wakajaa, nami nikatandaza makarai mawili juu ya meza. Nilimwomba mama yeyote atoe kitambaa kichafu na kipande cha sabuni anayotumia kila siku. Nikafua nusu ya kitambaa kwa sabuni yake katika karai moja, na nusu ya pili kwa sabuni yetu katika karai la pili. Sabuni yake haikutoa povu. Ilikatikakatika, ikaelea kama maziwa yaliyoharibika. Yetu ikafanya povu mpaka kwenye viwiko. Watu walishangilia, na katoni zikaanza kushuka garini.

Siri ilikuwa chumvi. Asubuhi, kabla hatujaondoka Nakuru, nilikoroga chumvi kwenye mtungi mmoja na kuacha mwingine maji matupu. Sabuni za kawaida hazikubali maji ya chumvi. Mbinu hii alinifundisha msimamizi siku yangu ya kwanza, akicheka, na mimi nikacheka pia, kwa sababu nilitaka anipende. Tulizishinda sabuni zote hivyo, soko baada ya soko, na nikajiambia kwamba kudanganya juu ya povu si dhambi kubwa.

Hayo yaliendelea mpaka siku ya soko la Njoro. Mama mmoja aliyevaa koti la mwanamume aliwasukuma watu, akafika mbele, akatoa mche uliofungwa kwa gazeti. Niliutambua kabla hajaufungua. Muhuri uliokuwa juu yake huenda niliupiga mimi. Nikaingiza kitambaa chake katika karai la chumvi, nikapaka, nikasugua, na povu likapanda. Sikuamini. Nikasugua zaidi, likazidi kupanda, jeupe, zito, likamwagika mezani. Yule mama aliwageukia wenzake, akasema, "Si niliwaambia?" Soko zima lilicheka. Siku hiyo katoni zetu zilirudi Nakuru kama zilivyotoka.

Ndani ya gari msimamizi alikuwa amekunja uso. Aliniuliza, "Uliweka chumvi?"

"Niliweka."

"Sasa hiyo povu imetoka wapi?"

Hapo ningenyamaza. Mara nyingi nimejiuliza ingenigharimu nini kunyamaza, kusema sijui, labda mtungi ulibadilishwa. Angenikaripia, tungefika Nakuru, mambo yakaisha. Lakini mimi nilikuwa na elimu ambayo yeye na tai yake hakuwa nayo, na kiburi kilinikaba. Nikamweleza kwamba sabuni ya Mzee ni ya nazi, na sabuni ya nazi hufanya povu hata kwenye maji ya chumvi. Akauliza kwa nini Mhindi anahangaika na nazi kutoka Pwani wakati mafuta ya ng'ombe yamejaa hapa. Nikasema dini yake haimruhusu. Akanitazama kwa makini. Hakuwahi kunitazama hivyo. Nami, kwa kuona ninatazamwa, nikaongeza la kwangu. Nilisema, "Yeye husema mafuta ya ng'ombe ni uchafu."

Mzee hakusema hivyo. Nimeshaandika alichosema, na hakikuwa na neno hilo wala mfano wake. Nililitunga mimi, kati ya Njoro na Nakuru, ndani ya gari linalotikisika, ili kijana mmoja wa Nairobi aendelee kunisikiliza.

Siku ya pili yake niliitwa ofisini kulirudia mbele ya meneja. Nililirudia. Meneja aliandika kwenye daftari lake dogo, akauliza kama watu wa bonde hili wanawapenda ng'ombe wao. Msimamizi alicheka. Kwa kweli lilikuwa swali la kuchekesha. Nchi yote kutoka Rongai kupanda juu ilikuwa ya wafugaji na ya watu waliopewa mashamba juzi, waliokata uzio wa walowezi na kununua ng'ombe wa maziwa wa gredi wa kwanza katika ukoo wao mzima. Watu hao walikuwa wakilala na tochi kando ya kitanda kwa ajili ya ndama. Unaweza kumtukana mtu wa namna hiyo akakusamehe, lakini si ng'ombe wake.

Karatasi mpya ilitoka baada ya majuma machache. Mama wa kiondo alisogezwa pembeni, na katikati akawekwa ng'ombe mkubwa, mnene, mwenye kengele shingoni. Chini yake waliandika kwamba hii ni sabuni ya ng'ombe wetu. Na mimi nikapewa maneno mapya ya kusema. Niliyasema kwa lugha tatu. Nilisema sabuni yetu inatoka kwa mifugo ya nchi yetu, jasho letu, nyasi zetu. Nilisema kuna wengine wanaokula kwetu na kulala kwetu lakini mafuta ya ng'ombe wetu wanayaita uchafu. Sikumtaja Mzee kwa jina. Haikuwa na haja, maana sabuni ya nazi ilikuwa moja tu.

Kisha nikayaona mapipa. Mwezi huo nilitumwa stesheni kuchukua barua ya mizigo, na kwenye banda la shehena nikakuta mapipa ya kampuni yetu yamesimama safu, na maandishi ya bandari ya mbali ubavuni. Nilimuuliza mpagazi ni nini. Alisema ni mafuta ya wanyama ya kupikia sabuni, yanatoka Australia, yanapelekwa kiwandani. Alijua kwa sababu pipa moja lilipasuka na wamelisafisha siku nzima. Akasema ni ng'ombe na kondoo pamoja, ndivyo alivyoambiwa na karani. Nikarudi kwa msimamizi na kumwambia nilichokiona, nikidhani sijui nini, labda nikidhani ataona haya. Alisema, "Ng'ombe ni ng'ombe." Akaniambia nisichelewe kesho, tunaanzia Salgaa.

Kwa hiyo Salgaa nikasema tena nyasi zetu, nikijua. Pale wakati huo palikuwa na maduka machache ya mabati kando ya barabara na madereva wa malori waliosimama kunywa chai. Mwenye duka mmoja alitoka na miche ya Mzee aliyokuwa amebakisha, akaitupa mtaroni mbele ya gari letu, watu wakampigia makofi. Aliniangalia kama mtu anayengoja kusifiwa. Nilimsifu kwenye kipaza sauti.

Baada ya hapo mambo hayakuhitaji gari letu tena. Wenye maduka Rongai walirudisha sabuni kwa Mzee. Pikapu yake ilipakwa mavi ya ng'ombe Elburgon, kioo chote cha mbele. Halafu ikaja barua, iliyotiwa sahihi na wafanyabiashara kadhaa, ikiomba ofisi ya leseni isimpe tena ruhusa ya biashara mtu anayedharau mali ya wananchi. Ninajua barua ile ilipigwa chapa wapi. Ilipigwa kwenye mashine ya ofisi yetu, na nilikuwepo karani alipokuwa akiipiga, nikimngoja amalize anipe ratiba yangu.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya kwa Wahindi. Wasio raia walikuwa wananyimwa leseni, na wengi walikuwa wanauza kila kitu na kuondoka. Mzee alikuwa amejaza fomu za uraia mapema sana, miongoni mwa wa kwanza mjini, lakini kila alipoulizia aliambiwa faili halionekani. Leseni ndiyo iliyokuwa imemshikilia. Akinyimwa leseni ingekuwa basi, angelazimika kuondoka. Hakuwa na nchi nyingine aliyowahi kuiona kwa macho yake.

Alikuja kwetu Bondeni jioni moja, kwa miguu, na koti lake la khaki. Mama alimkaribisha kwenye kiti chetu kizuri na kuinjika chai. Walijuana. Mama alikuwa amefulia sabuni yake miaka yote, ukiacha nguo za reli. Mzee alisema ameitwa ofisi ya leseni Jumatano asubuhi kujieleza. Alisema mtu asiyemjua hawezi kumsaidia, na mtu wa kabila lake hawezi kusikilizwa. Akanigeukia mimi.

"Wewe ulifanya kazi kwangu miaka tatu," alisema. "Kuja tu useme ile umeona. Useme kama mimi nilitukana ng'ombe ya mtu."

Mama alinitangulia kujibu. Kwetu mzazi akishamkubalia mgeni, mtoto hana kura, hata awe mwenye mshahara. Mama alisema, "Atakuja, Mzee. Kunywa chai." Mzee akanywa chai yote. Wakati wa kuondoka alimshukuru mama mara mbili, na mimi nikamsindikiza mpaka barabarani.

Jumatano niliamka alfajiri. Mama alidhani ninajiandaa kwa ofisi ya leseni, akanipigia pasi gauni la Jumapili. Nilivaa gauni lile, nikavaa viatu, nikatoka. Pale njia inapogawanyika nilisimama. Msimamizi alikuwa ameniambia siku iliyotangulia, kwa upole kabisa, kwamba amesikia Mhindi anatafuta shahidi, na kwamba nafasi yangu juu ya gari ina wasichana wengi wanaoitaka. Hakunitisha zaidi ya hapo. Ningependa kuandika kwamba alinitisha. Nilikwenda kwenye gari, nikavua viatu, na saa tatu nilikuwa Molo nikiwaambia watu habari za ng'ombe wetu.

Yaliyotokea ofisini nilisimuliwa na mama, maana alikwenda yeye mwenyewe kunishangilia. Alikaa kwenye benchi la nje pamoja na Mzee na mke wake, wakinisubiri. Kila mara viatu viliposikika kwenye korido mama aliwaambia, ni yeye huyo. Walipoitwa ndani mama aliingia pia, na alipotaka kusema aliulizwa kama amewahi kufanya kazi kwa huyu bwana. Akasema hapana, lakini anamjua. Akaambiwa akae. Kisha wakamuuliza Mzee swali moja tu, kama ni kweli hatumii mafuta ya ng'ombe katika sabuni yake. Akasema ni kweli. Wakamuuliza kwa nini. Akasema ni dini. Waliandika, wakafunga faili, na ilikuwa imekwisha kabla ya saa nne.

Mama hakunigombeza. Aliniambia hayo yote akiwa ameinama anasonga ugali, akasema amewaambia kina Mzee kwamba huenda nimeugua njiani. Kuanzia siku hiyo sabuni niliyoileta nyumbani, ya bure ya wafanyakazi, hakuigusa. Ilijaa chini ya kitanda changu mpaka katoni zikaanza kuota ukungu. Alifulia majivu, kama alivyofanya nyanya yake, na mikono ikamchubuka, na nilipomwambia aache alisema mikono ni yake. Nilimkasirikia sana kwa hilo. Nilikuwa nikimkasirikia kila mtu wakati huo, ila waliostahili.

Mimi nilibaki kwenye gari miaka miwili na nusu zaidi. Meneja wa pili, aliyekuja baada ya yule wa kwanza, alinisifu mbele ya wafanyakazi wote, akasema kampuni ni mwenyeji hapa kwa sababu ya watu kama mimi. Nimezeeka, na bado nikisikia redio ikiniita ndugu mwananchi ili ninunue kitu, huwa ninainuka kuizima. Wajukuu wananiona nina wazimu. Wao wanakunywa soda ya ng'ambo yenye jina la mtaa wao, wanasema bibi, hii ni yetu. Sibishani nao, kwa sababu wangeniuliza nimejuaje.

Mzee alinyimwa leseni, akapewa muda wa kufunga duka. Nilisikia wameshapata tiketi za meli, nikamaliza wiki nzima nikijisukuma, na siku mbili kabla hawajapanda treni ya Mombasa nikaenda. Duka lilikuwa tupu. Ua ulikuwa umefagiliwa, pipa limeuzwa, fremu za mbao zimepasuliwa kuwa kuni. Mke wake alikuwa akikunja mashuka na kuyapanga kwenye sanduku, mgongo wake kwangu, na nilipomwamkia hakugeuka. Mzee alinionyesha kreti nikae.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha wa Jumatano. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Bondeni, na yote yalikuwa kuhusu ile Jumatano, kwa nini sikufika, wadogo zangu na karo. Alinisikiliza kidogo, akapunga mkono. Kazi ni kazi, alisema, hata yeye angekuwa na wadogo asingejua angefanya nini. Kisha akavuta kreti nyingine karibu na yangu, akakaa, na akashusha sauti, ingawa chumba kilikuwa kidogo na mke wake alikuwa anasikia kila kitu.

"Kuna kitu moja nataka kujua kabla sijaenda," alisema. "Hii maneno ya ng'ombe, kwamba nilisema ni uchafu. Wao ndio walikuambia useme, ama ni wewe uliwaambia?"

Mikono ya mke wake ilisimama juu ya shuka.

"Wao," nilisema.

Alishusha pumzi ndefu. Alimwambia mke wake maneno machache kwa lugha yao, haraka, kama mtu aliyeshinda ubishi wa siku nyingi, kisha akanirudia mimi. Alikuwa karibu kutabasamu.

"Huyu mama alisema ni wewe. Kila siku anasema, Wazungu watajuaje mambo ya ndani ya nyumba yetu, ni huyo msichana. Nikamwambia hapana. Huyo amekula kwetu."

Hapo ndipo mke wake alipogeuka. Alinitazama kwa muda, na macho yake yakajaa machozi, akaingia chumba cha nyuma. Nikamsikia akitafuta kikombe ndani ya vitu vilivyokwisha kufungwa. Alirudi na chai, amekishika kikombe kwa mikono miwili, akanipa, na kwa Kiswahili chake kidogo akaniomba radhi kwa kunifikiria vibaya.

Nikaipokea ile chai, nikamwambia hakuna neno.